Mashine ya boti imegoma kuwaka: soma dalili kabla ya kufungua spana

Teremsha nanga kwanza. Mashine ikizima baharini, mkono wa kila mtu hukimbilia kamba ya kuwashia, na muda huo boti linaserereka na mkondo bila mwenyewe kuliangalia. Nimewahi kuitwa kutengeneza mashine ambayo haikuwa na ubovu wowote ila plagi zimelowa. Nilipofika nilikuta boti limekaa juu ya mwamba na faiba ya chini imepasuka. Nanga itoke kwa omo, isitoke kwa tezi, maana boti likifungwa tezi mawimbi hupanda upande ule ule wenye mashine. Kamba uiachie ndefu, mara tano ya kina au zaidi. Kama maji ni marefu kuliko kamba yako, funga ndoo au turubai uvikokote kwa omo ili boti lielekee mawimbi. Mwenye redio ya VHF awaambie wenzake mapema kwenye chaneli 16, na mwenye mtandao wa simu apige 112 akiona hali si nzuri. Watu wakishatulia na life jaketi zimevaliwa, hapo ndipo ufungue kava.

Ninazozungumzia hapa ni mashine ndogo za kuning'inia nyuma ya boti, zile za mapigo mawili tunazochanganyia oili kwenye petroli. Ukisimama Kilindoni, Nyamisati au Kilwa Kivinje ukatazama matezi ya maboti, utaona Yamaha Enduro ya nguvu farasi 15 na ya 40 nyingi kweli kweli, na ndizo mikono yangu inazozijua zaidi. Mwenye mashine ya mapigo manne naye atafuata njia hii hii. Tofauti ni kwamba oili yake inakaa chini ya mashine, haichanganywi na petroli.

Mashine haitaki mambo mengi ili iwake: petroli iliyochanganyika na hewa kwa kiasi chake, cheche kwa wakati wake, na kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ndani ya silinda. Kimoja kati ya hivyo kimekosekana, na kazi yako ni kujua kipi kabla hujafungua hata boliti moja. Ukivuta kamba mara sita au saba na mashine haijakohoa hata kidogo, acha kuvuta. Kila unavyozidi unaongeza petroli ndani ya silinda, unalowesha plagi, na unamaliza nguvu za mabaharia utakaowahitaji kushika makasia.

Mambo manne ya kushika kwa mkono

Kibanio cha kamba nyekundu ya usalama, kile kinachobana kwenye swichi ya kuzimia, ndicho cha kwanza. Kikichomoka, au kikakaa nusu nusu, mashine haitoi cheche hata uivute mpaka jua lizame. Kichomoe, futa chumvi, kirudishe mpaka kikae sawa. Wapo wanaofunga swichi ile kwa kipande cha waya au cha mpira wa ndala kwa sababu kibanio kimepotea. Tafadhali usifanye hivyo. Mtu akianguka majini mashine inaendelea kuzunguka na propela inamrudia. Nunua vibanio viwili, kimoja ukitie kwenye mfuko wa plagi za akiba.

La pili ni gea. Mashine nyingi zimewekewa kizuizi kisichoruhusu kuwasha mpaka gea iwe katikati. Ukiona kamba inakataa kuvutika, sukuma gea mbele na nyuma kisha irudishe katikati kabla hujafikiria kwamba pistoni imekwama.

La tatu ni skrubu ya hewa iliyo juu ya kifuniko cha tangi. Hili nalieleza kwa urefu kwa sababu limewapotezea watu siku nzima baharini. Mwaka mmoja wakati wa kusi tulitoka Nyamisati asubuhi na mapema, upepo bado mdogo. Mashine ilikwenda vizuri karibu nusu saa, ikaanza kulegea, ikazima. Ikawaka tena, ikaenda kidogo, ikazima. Mara ya tatu haikuwaka kabisa. Nahodha alivuta, msaidizi wake akavuta, na mimi nikavuta. Tukatoa plagi, cheche ikaonekana nzuri ya buluu. Ndipo nikashika ule mpira mnene wa kuminya ulio katikati ya hosi, nikaukuta umebonyea kama chungwa lililokamuliwa, na haurudi. Kijana aliyekuwa amekaa karibu na tangi akasema, "Mzee, mimi ndiye niliyekaza kile kiskrubu, nilikuwa nasikia harufu ya mafuta." Alikuwa amefanya kwa nia njema. Petroli inaponyonywa kutoka kwenye tangi ni lazima hewa iingie nafasi yake, na njia ya hewa ikizibwa tangi linakataa kutoa. Nilipolegeza skrubu tangi lilivuta pumzi, fyuuu, na mpira ukafura wenyewe mkononi mwangu. Tuliminya mara nne, tukavuta mara mbili, tukaendelea na safari.

La nne ni hosi. Mshale uliochorwa kwenye mpira wa kuminya uelekee kwenye mashine. Kiungio kilicho upande wa mashine kisukumwe mpaka kilie, na hosi isiwe imekaliwa na mtu au imekunjwa chini ya gunia la samaki. Usicheke, gunia la samaki ni kisababishi halali kabisa.

Mpira wa kuminya unasema mengi

Ushike wima, mshale uangalie juu, uuminye taratibu. Mpira mzima huanza laini, halafu baada ya kuminya mara kadhaa unakuwa mgumu. Ugumu huo maana yake petroli imejaa kwenye kabureta, chombo kinachochanganya petroli na hewa, na sindano ya floti, yaani ya boya dogo lililo ndani yake, imeziba mlango. Kufikia hapo tangi na hosi havina lawama.

Ukiminya bila kukoma na haugandi, ama tangi halina kitu, ama hewa inaingia njiani. Chunguza kiungio: ndani yake kuna ringi nyeusi ya mpira ambayo ikikatika hewa hupenya hata kama petroli haivuji. Chunguza vibano vya hosi, na hosi yenyewe pale inapopinda, maana jua letu hulikausha na kulipasua. Vali zilizo ndani ya mpira nazo huzeeka, na hapo unaminya huku petroli inarudi tangini. Ukichomoa upande wa mashine, ukaingiza ncha ya hosi kwenye chupa na kuminya, utaona mwenyewe kama inatoka au haitoki.

Ukibonyea usirudi, kinachonyima kiko nyuma yake: skrubu ya hewa, au kichujio kidogo kilicho mwisho wa bomba la kunyonyea ndani ya tangi. Nimetoa humo nyuzi za gunia na magamba ya rangi ya tangi la chuma.

Na ukiwa mgumu halafu unasikia petroli inamwagika kutoka kwenye kabureta, sindano ya floti haifungi. Usiwashe. Mwaga, kausha, ngoja mvuke upotee kabla ya jambo lolote linalotoa cheche.

Toa plagi uisome

Beba spana ya plagi kila safari. Kwa plagi za mashine hizi nyingi ni ya milimita 21. Ukitoa plagi, usikimbilie kuipangusa. Iangalie kwanza kama unavyoangalia jicho la samaki kabla ya kumnunua.

Ikitoka kavu kabisa baada ya kuvuta mara nyingi na choki (kizibo cha kupunguza hewa wakati wa kuwasha) imevutwa, petroli haifiki kwenye silinda. Rudi kwenye hosi, kisha nenda kwenye kabureta. Ikitoka imelowa petroli, petroli ipo, na imekosa cheche ya kuiwasha au imezidi. Ukiona vitone vinavyojikusanya kama umande na havinukii petroli, hayo ni maji. Hapo acha kabisa kuvuta na uende moja kwa moja kwenye sehemu ya petroli hapo chini. Plagi nyeusi yenye utelezi inasema oili imezidi, au mashine imekaa muda mrefu ikizunguka polepole kama wanavyofanya wanaokokota mishipi. Plagi nyeupe kama chokaa inasema mchanganyiko ni mwembamba au mashine inachemka, na hiyo ikupe wasiwasi. Ukiona vishanga vidogo vya kung'aa vimeganda kwenye kauri, hiyo ni alumini ya pistoni. Mashine hiyo ipelekwe kwa fundi ikiwa imezimwa.

Plagi iliyolowa tu inatibika hapo hapo. Chomoa hosi ya petroli, rudisha choki, fungua mwendo wote, plagi zote zikiwa nje na vikofia vyake vimeguswa kwenye chuma cha mashine. Vuta kamba mara kumi hivi ili silinda ipumue, kisha kausha plagi kwa kitambaa kikavu na uziache dakika chache juani. Wengi huzichoma moto kwa petroli. Sipendi, kwa sababu ya hatari ya moto ndani ya boti lenye tangi wazi, na kwa sababu kauri ikipata joto la ghafla huweza kupasuka ufa usiouona. Rudisha, unganisha hosi, usivute choki, weka mwendo kwenye alama ya kuwashia iliyo kwenye mpini, uvute.

Unapobadilisha plagi, soma namba yake. Chukua mfano wa NGK iliyoandikwa B7HS-10. Ile 7 ni daraja la joto, na kwa NGK namba ikiwa kubwa plagi ni ya baridi zaidi. Ile 10 ya mwishoni maana yake mwanya ni milimita 1.0. Ukipewa dukani plagi ya pikipiki inayoingia kwenye uzi lakini namba yake ni nyingine, mashine inaweza kuwaka leo na kutoboa pistoni mwezi ujao. Namba sahihi imeandikwa kwenye kitabu cha mashine yako.

Kupima cheche na kuitafuta ilikopotelea

Ingiza plagi kwenye kikofia chake, chuma cha plagi kiguse chuma kitupu cha mashine, mbali na tundu la plagi, maana tundu hilo linatema mvuke wa petroli. Shika kikofia kwa kitambaa kikavu chenye unene, au kwa koleo lenye mpini wa mpira. Tia kivuli kwa kava au kanga, mwenzako avute kamba. Cheche ya buluu inayolia tak, tak ni nzima. Cheche ya njano iliyonyong'onyea ni dhaifu, na silinda ikibana itazimika. Usivute kamba kamwe kikofia kikiwa kinaning'inia hewani bila plagi wala eathi, kwa sababu umeme ukikosa njia unarudi kuumiza CDI, kile kisanduku kinachotoa umeme wa cheche, na CDI ni ya bei.

Kama hakuna cheche kwenye silinda zote mbili, kisababishi kiko sehemu moja inayozihudumia zote, na mshukiwa mkubwa ni swichi ya kuzimia. Chumvi ikiingia ndani yake inaunganisha waya na eathi muda wote, kama vile kuna mtu amebonyeza kitufe cha kuzima na hakiachii. Kwenye Yamaha waya wa kuzimia ni mweupe, na mweusi ni wa eathi. Tenganisha kiungio cha ule mweupe unaotoka kwenye swichi, hakikisha ncha haigusi chuma, upime cheche tena. Ikirudi, umempata mwizi, na unaweza kurudi nyumbani hivyo. Ila elewa kwamba sasa kitufe wala kibanio havitazima mashine. Utaizima kwa kuvuta choki yote au kuchomoa hosi, na kwa hiyo uende taratibu, watu wakae chini, wala hiyo isigeuke desturi ya boti lako.

Kama silinda moja ina cheche na nyingine haina, badilishana plagi. Ubovu ukihama na plagi, tupa plagi. Ukibaki pale pale, angalia kikofia na waya wake mnene, kisha koili. Fungua kila kiungio cha waya chini ya kava uone kama kuna unga wa kijani au mweupe. Nimefufua mashine nyingi kwa mswaki wa zamani na maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, tu, zikakaushwa vizuri, kabla ya kufikiria kununua kitu.

Ubovu unaosumbua watu zaidi ni wa mashine inayowaka asubuhi ikiwa baridi, ikifika kwenye samaki na kuzimwa haiwaki tena mpaka ipoe. Koili au CDI iliyochoka hufanya hivyo: ikipata joto hukata umeme, ikipoa hurudi. Kwa hiyo cheche ipimwe wakati ule ule inapogoma. Ukiipeleka kwa fundi jioni imeshapoa, itawaka mara moja na fundi atakuona mzushi.

Petroli yenyewe

Visiwani na kwenye vijiji vya delta ya Rufiji petroli nyingi husafiri kwenye madumu, na dumu hupita mikono mingi. Chukua chupa safi ya maji ya kunywa isiyo na rangi, jaza nusu kutoka chini ya tangi, iache itulie dakika chache kwenye mwanga. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini kwa mstari unaoonekana, au kama mashanga yanayokimbizana ukitikisa. Tangi lililoachwa nusu usiku wa masika hukusanya umande kwenye kuta zake, na tangi ambalo kifuniko chake kinapigwa na mawimbi ya kusi hunywa maji ya chumvi. Ukikuta maji, usijaribu kuyachuja na kitambaa. Mwaga petroli kwenye dumu, iache usiku kucha, kesho uimimine ya juu taratibu na kuiacha ya chini. Kichujio kidogo cha kikombe kilicho chini ya kava nacho kifunguliwe kimwagwe.

Mafuta ya taa ni hadithi nyingine. Uchanganyaji wa petroli na mafuta ya taa ulikuwa tatizo kubwa Tanzania kiasi kwamba EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama za siri za kuyatambulisha) kwenye mafuta mwaka 2010, na bei ya mafuta ya taa ikaja kupandishwa ili kuondoa kishawishi. Kituoni hali ilibadilika. Kwenye dumu la mtaani pima mwenyewe, na upime kabla hujatia oili: dondosha kidogo kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka haraka na haiachi kitu, na iliyochanganywa huacha doa la mafuta na harufu ya kibatari. Mashine yenye petroli ya namna hiyo ni ngumu kuwaka ikiwa baridi, ikiwaka inatoa moshi mwingi na kugonga.

Oili yenyewe iwe ya mashine za majini za mapigo mawili, yenye alama ya TC-W3. Kwa kipimo cha 50 kwa 1, lita 20 za petroli huchukua mililita 400 za oili. Mashine mpya inayozoeshwa kwa kipimo cha 25 kwa 1 huchukua mililita 800 kwa lita hizo hizo 20, kwa saa zilizoandikwa kwenye kitabu. Najua wanaotia "kidogo zaidi kwa usalama". Oili ikizidi, plagi zinaziba, nawe unarudi kwenye kuvuta kamba. Ikipungua, pistoni inakwama, na hiyo ni gharama ya aina nyingine kabisa. Tumia chupa yenye alama za kipimo, acha kukisia kwa kifuniko.

Kabureta

Kama cheche ni nzuri, mpira ni mgumu, petroli ni safi, lakini plagi ni kavu, mlango uliofungwa uko ndani ya kabureta. Mchanganyiko ukikaa humo wiki kadhaa, petroli huruka na kuacha oili inayoganda kama gundi ya embe kwenye vitundu vya jeti. Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ya kumwagia. Ifungue juu ya kikombe, minya mpira, utazame kinachotoka. Wakati mwingine maji au uchafu huondoka hapo hapo na mashine inawaka.

Isipowaka, kabureta ishuke, na kazi hiyo ifanyike ufukweni juu ya kitambaa cheupe, maana jeti ikidondoka kwenye maji ya chini ya boti hutaipata. Zibua jeti kwa kipande cha mshipi wa nailoni kinachopita bila kulazimishwa, kisha puliza. Usitumie waya wa chuma. Shaba ya jeti ni laini, na tundu likipanuka kidogo tu mashine itakunywa petroli kupita kiasi maisha yake yote.

Inawaka, inazima baada ya dakika mbili

Wakati inazunguka, mwambie mtu aminye mpira mfululizo. Ikiendelea kuishi kwa sababu ya kuminya huko, basi pampu ya mafuta ya mashine haivuti, au hewa inaingia kwenye hosi. Ndani ya pampu kuna ngozi nyembamba ya mpira inayocheza kwa msukumo wa mashine. Ikitoboka au kukakamaa, pampu inakufa. Kibadilishio chake ni kidogo na kinafungwa kwa skrubu chache tu. Kwa siku hiyo moja unaweza kurudi nyumbani kwa zamu za kuminya, nimefanya hivyo kutoka mbali.

Na huku ikizunguka angalia tundu la maji nyuma ya mashine. Uzi wa maji usipotoka, zima mara moja, hata kama inaenda vizuri. Mfuko wa plastiki unaweza kuwa umeziba mlango wa kunyonyea, chumvi inaweza kuwa imeziba tundu lenyewe, au impela, kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji, imekatika mabawa. Mashine iliyozimika kwa joto usiilazimishe kuwaka. Iache ipoe kabisa, kisha zungusha kwa mkono uone kama bado inapita laini.

Ya stata ya umeme

Ukigeuza ufunguo ikalia tik moja na kunyamaza, anza na vichwa vya betri. Unga wa chumvi pale unatosha kuzuia umeme mwingi ingawa taa zinawaka. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma karibu 12.6 ikiwa imetulia. Ikishuka chini ya kama 9.6 wakati stata inazungusha, betri imechoka au haijachajiwa. Ikiwa hakuna hata tik, angalia kibanio, gea, halafu fyuzi chini ya kava. Mashine nyingi za namna hii zina nafasi ya kamba ya dharura kwenye gurudumu la juu. Ukiitumia, kumbuka kwamba kile kizuizi cha gea hakikulindi tena, kwa hiyo hakikisha gea iko katikati kwa macho yako, na nguo yenye mikono mirefu au kilemba kinachoning'inia visikaribie gurudumu.

Kamba nyepesi mno, au haivutiki kabisa

Kamba inayokuja mkononi bila ukinzani wowote inazungumzia kompresheni. Toa plagi, ziba tundu kwa kidole gumba, mwenzako avute. Hewa inapaswa kukisukuma kidole kwa nguvu, na silinda zote ziwe sawa. Moja ikiwa dhaifu kuliko mwenzake, ringi zimekwama au gasketi imetoboka, na hakuna utaalamu wa baharini utakaoitibu. Pandisha tanga, au omba kukokotwa.

Kamba isiyovutika na gea iko katikati: inua mashine utazame propela. Wavu na mshipi hujifunga pale na kubana shafti. Ikiwa safi, toa plagi zote ujaribu tena. Ikizunguka na maji yakaruka kwenye matundu, silinda ilikuwa imejaa maji, na bahati yako ni kwamba hukulazimisha. Isipozunguka hata plagi zikiwa nje, pistoni imekwama. Tia oili kidogo kwenye matundu, iache usiku, usiipige nyundo.

Mashine iliyozama

Hii nimeiacha mwisho kwa sababu dakika zake ni za thamani. Mashine ikianguka majini ikiwa imezima, ikatolewa siku hiyo hiyo, mara nyingi inapona. Ikiwa ilikuwa inazunguka kwa kasi ilipozama, zungusha kwa mkono polepole mno plagi zikiwa nje. Ukihisi inagota au inakwaruza, acha, huenda mkono wa pistoni umepinda au mchanga umeingia.

Chumvi huanza kula chuma pale hewa inapokutana nayo. Ndiyo maana mashine iliyotolewa baharini na kuwekwa juani kwenye mchanga huku watu wakijadiliana huharibika kuliko iliyobaki majini. Kama fundi yuko mbali, izamishe kwenye pipa la maji baridi yasiyo na chumvi mpaka atakapopatikana. Ukiwa tayari, toa kava, mwagia maji baridi kila sehemu, toa plagi, ilaze mashine matundu ya plagi yakiangalia chini, zungusha taratibu mpaka maji yaishe. Mwaga kabureta na hosi. Kausha viungio vya waya kimoja kimoja. Mimina oili ya mapigo mawili kwenye kila silinda na kupitia mdomo wa kabureta, zungusha tena ili oili itembee mpaka kwenye beringi.

Funga plagi mpya, tumia petroli mpya yenye oili ya 25 kwa 1, uiwashe ndani ya pipa la maji baridi, maji yapite juu ya mlango wa kunyonyea. Itatoa moshi mzito mwanzoni, na huenda ikazima mara mbili tatu, usihofu. Iache izunguke polepole kwa saa nzima mpaka joto likaushe kila pembe ya ndani. Kisha izime, toa plagi tena uziangalie. Zikiwa na umande, rudia kumwaga na kukausha. Zikitoka na rangi ya kahawia, irudishe kwenye tezi.